Darubini ya lenzi: kipenyo kikubwa au kioo bora? Akromati ya mm 120 au ED ya mm 80

kilimia_saba (mwenye uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitazama anga kwa darubini ya macho mawili ya 10x50. Imenifundisha njia za angani, lakini sasa nataka darubini ya lenzi, ya kukaa nayo muda mrefu. Zile za kioo cha kuakisi nimezifikiria nikaziacha. Sitaki kazi ya kulinganisha vioo kila mara, na taswira ya lenzi inanivutia, nyota zikiwa vitone vikali juu ya weusi mtupu.

Uwezo wangu unafika kwenye moja kati ya hizi mbili, na gharama yake inakaribiana:

A. Akromati (lenzi ya vioo viwili vya kawaida) ya mm 120, urefu wa fokasi mm 1000, yaani f/8.3 (fokasi gawanya kwa kipenyo).
B. Yenye kioo cha ED (kioo maalumu kinachotawanya rangi kidogo), mm 80, urefu wa fokasi mm 600, yaani f/7.5.

Natazama kwa jicho tu, sipigi picha. Ninachopenda zaidi ni Mwezi, Mshtarii, Zohali na nyota pacha, halafu mafungu ya nyota. Nimesoma sana na nimezidi kuchanganyikiwa. Wengine wanasema kipenyo hakina mbadala, wengine wanasema bora lenzi ndogo iliyo safi. Namwomba mtu aliyeweka jicho kwenye zote mbili anisaidie.

nuru_kidogo

Chukua A, mkuu.

Nuru inayoingia inategemea eneo la lenzi, na eneo huenda kwa mraba wa kipenyo. 120 gawanya kwa 80 unapata 1.5, mraba wake 2.25. Nuru mara mbili na robo. Maana yake utafikia nyota hafifu zaidi kwa karibu magnitudo 0.9 (magnitudo ni kipimo cha mwanga wa nyota).

Njoo kwenye kutenganisha nyota pacha. Kanuni ya Dawes inasema gawanya 116 kwa kipenyo cha milimita. Kwa mm 80 unapata sekunde za tao 1.45 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii), kwa mm 120 unapata 0.97. Namba hizo zinatokana na tabia ya nuru yenyewe, na hakuna kioo cha ED kitakachozibadili.

picha_ya_usiku

Hesabu za nuru_kidogo ni sahihi, ila zinachukulia kwamba nuru yote iliyoingia inafika mahali pamoja. Kwenye akromati ya f/8.3 haifiki. Elekeza A kwenye Zuhura au nyota angavu ya Sirius uone ukungu wa zambarau unaoizunguka. Nuru hiyo imeingia kweli, lakini badala ya kukaa kwenye nyota imemwagika pembeni na kuchafua weusi.

Nilikuwa na akromati ya mm 120 nikapiga nayo picha za Kilimia. Kila nyota angavu ilivimba ikawa duara la buluu. Niliuza, nikachukua ED ya mm 80, na sijawahi kurudi nyuma.

kilimia_saba

Asante wakuu. Swali kwa picha_ya_usiku: ule uvimbe wa buluu ulikuwa mkubwa hivyo hata kwa jicho, au ni kwenye kamera tu?

picha_ya_usiku

Swali la haki. Kwa jicho ulikuwa mdogo zaidi. Kamera inainasa zambarau ambayo jicho haliioni vizuri, tena inaikusanya kwa dakika nyingi. Kwa mtu wa picha sina shaka hata kidogo, chaguo ni B. Kwa mtazamaji wa jicho, nakiri ushauri wangu unapungua nguvu.

lenzi_ndefu

Kuna kipimo cha zamani kinachosaidia hapa. Chukua namba ya f, gawanya kwa kipenyo cha lenzi kwa inchi. Kigezo cha Sidgwick kinaridhika na 3 kwenda juu, cha Conrady ni kikali zaidi, kinataka 5. Hapo rangi haisumbui.

Darubini A: 8.3 gawanya kwa inchi 4.7 ni kama 1.8. Iko chini ya vyote viwili. Akromati ya mm 102 yenye f/11 inapata 2.7. Mm 80 yenye f/11, akromati ya kawaida kabisa, inapata 3.5 na iko salama kwa kigezo cha Sidgwick.

Kwa hiyo usifungwe na A na B tu. Akromati ndefu ni njia ya tatu. Kabla ya mwaka 1758, fundi Dollond alipopata hataza ya lenzi ya vioo viwili, watazamaji wa lenzi hawakuwa na dawa nyingine ya rangi zaidi ya kurefusha. Mtazamaji wa anga Hevelius alifikia darubini ya urefu wa karibu mita 45, ikining'inia kwenye mlingoti kwa kamba. Siku hizi hatuhitaji mlingoti, lakini kanuni ni ileile.

Mzee wa Zohali

Mwanangu kilimia_saba, nimesoma yote hapo juu. Naona watu wanaosema kweli wakipingana kwa sababu neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Neno hilo ni "ubora".

Kuna ubora wa aina ya kioo, na kuna ubora wa mkono uliokisugua. Ni vitu viwili tofauti, na herufi ED ubavuni mwa darubini zinakuambia kimoja tu.

Nianze na kioo. Lenzi moja peke yake hupinda buluu zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo kila rangi hukutana mahali pake. Akromati ina vioo viwili, krauni na flinti, vilivyopangwa ili nyekundu ya nanomita 656 na buluu ya nanomita 486 zikutane pamoja. Kijani hukutana mbele kidogo, karibu zaidi na lenzi, na zambarau inabaki nyuma kabisa. Pengo kati ya kijani na zile mbili ni takriban sehemu moja ya 2000 ya urefu wa fokasi. Kwa A hiyo ni nusu milimita. Unaweza kusema nusu milimita ni nini? Kwa f/8.3, taswira inabaki kali ndani ya takriban milimita 0.08 tu kila upande wa fokasi. Kwa hiyo ukiweka kijani sawasawa, nyekundu na buluu ziko nje mara sita ya kinachovumilika. Hapo picha_ya_usiku ana haki kabisa.

Kioo cha ED hutawanya rangi kidogo, na kwa uwiano tofauti na vioo vya kawaida, ndiyo maana kikipewa mwenza anayefaa pengo hilo husinyaa sana. Hata hapa vipo vya daraja mbalimbali. FPL-51 ina namba ya Abbe karibu 82, FPL-53 na FCD100 zinafika 95, sawa na fluoriti. Namba ikiwa kubwa, mtawanyiko ni mdogo. Vyote vinauzwa kwa jina hilohilo la ED, kwa hiyo uliza ni kipi kimo ndani.

Lakini jicho lina huruma. Mchana uwezo wake mkubwa uko karibu na nanomita 555, kijani inayoelekea njano, na akromati zimepangwa kukusanya hapo. Zambarau iliyopotea jicho huiona kwa udhaifu. Unapoteza ung'avu wa rangi na kiasi cha utofauti kati ya giza na mwanga, ila umbo la kitu linabaki.

Sasa mkono. Wimbi la nuru linapotoka kwenye lenzi likiwa limepotoka kwa robo ya urefu wake, ambayo kwa kijani ni kama nanomita 137, Strehl inashuka hadi karibu 0.80. Strehl ni ukali wa kitone cha kati cha nyota ukilinganishwa na ule wa lenzi isiyo na kosa lolote. 0.80 ndio mpaka wa chini wa lenzi ya kuridhisha. 0.95 ukiipata, itunze. Kosa la namna hii halina rangi. Haliondoki kwa kununua ED. Linachukua rangi zote, pamoja na ile kijani ambayo jicho lako linaitegemea.

Ushahidi ninaoupenda unatoka Marekani. Mwaka 1862 msugua lenzi Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu lenzi mpya ya sm 47 akaona nyota ndogo kando ya Sirius, ile tunayoiita Sirius B, inayozidiwa mwanga karibu mara 10,000 na jirani yake. Mwaka 1892 mtazamaji wa anga Barnard aliuona Amalthea, mwezi wa tano wa Mshtarii, kwa jicho lake mwenyewe kupitia lenzi ya sm 91 ya kituo cha Lick, pembeni kabisa ya mng'ao wa sayari. Lenzi ya kituo cha Yerkes ya mwaka 1897 ina sm 102 na f/19. Mpe lenzi_ndefu aipime: 19 gawanya kwa inchi 40, haifiki hata nusu! Kwa kipimo chake ni mbaya mno kuliko A. Zote tatu zilikuwa akromati, na zote zilisuguliwa kwenye karakana ya akina Clark. Ukungu wa rangi ulikuwepo na watazamaji waliuvumilia, kwa sababu chini ya ukungu ule kitone cha nyota kilikuwa kimekaa barabara.

Kwa hiyo swali lako usiliulize "kipenyo au ubora". Uliza hivi: je, A hii mahususi imesuguliwa vizuri? Ikiwa ndiyo, kwa mtazamaji wa jicho naichagua juu ya B. Ikiwa hapana, B nzuri itaishinda hata kwenye Zohali.

lenzi_ndefu

Shikamoo mzee. Mfano wa Yerkes nimeupokea. Nitasema tu kwamba wao hawakuwa na njia ya kuchagua, sisi tunayo.

Mzee wa Zohali

Marahaba. Ni kweli, tunayo, na ndiyo maana akiongeza akiba kidogo ningemwambia achukue ED ya mm 100 tumalize mjadala. Lakini amesema uwezo wake uko wapi, na nimejibu ndani ya hapo.

anga_safi

Niongeze ushuhuda juu ya hili la mkono, maana limenigusa.

Darubini yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ED ya mm 80. Karatasi yake ilisifia kioo, na ni kweli Mwezi ulikuwa hauna tone la zambarau. Lakini kila nilipopandisha ukuzaji kupita mara 100, Zohali ililainika kama imepakwa mafuta. Miezi minne nililaumu angahewa. Nilibadilisha lenzi za jicho (zile ndogo za upande wa kutazamia), nikatazama usiku wa manane, nikaingoja sayari ipande juu. Siku moja mwenzangu mzoefu aliisogeza fokasi ndani na nje kwenye nyota, akaniita nitazame. Upande mmoja nyota ilikuwa yai lililolala, upande wa pili yai lililosimama. Astigmatizimu, yaani lenzi hailengi nuru sawa pande zote. Nilirudisha, muuzaji akanibadilishia, na ya pili ilikuwa lenzi tofauti kabisa ingawa jina na kioo ni vilevile.

Miezi minne ya Zohali niliipoteza kwa kuamini herufi mbili.

kilimia_saba

Pole sana anga_safi. Mzee wangu, shikamoo. Nimeelewa, lakini mimi si fundi. Nitajuaje kama lenzi imesuguliwa vizuri kabla sijailipia?

Mzee wa Zohali

Marahaba mwanangu. Kipimo ni nyota yenyewe, na hakihitaji chombo chochote.

Toa darubini nje, iache ipoe mpaka ilingane na hewa. Kwa lenzi ya vioo viwili nusu saa mara nyingi inatosha, zenye vioo vitatu huchukua muda zaidi. Chagua nyota ya mwanga wa wastani iliyo juu sana. Iliyo chini usiitumie, kwa sababu angahewa nayo hupinda rangi kama prizimu, na nyota itakuwa na upande mmoja mwekundu na upande mmoja wa buluu. Wengi wamezilaani lenzi nzuri kwa kosa la angahewa. Rangi ya lenzi inaizunguka nyota pande zote sawa, ya angahewa ina juu na chini.

Tumia ukuzaji wa kama mara 150. Kama unaweza, ondoa kioo cha pembe kinachogeuza nuru kuelekea jicho, tazama moja kwa moja, maana nacho kinaweza kuwa mkosaji. Sogeza fokasi ndani kidogo mpaka uone pete tano au sita. Zitazame. Kisha pitisha fokasi, utoke nje kwa kiasi kilekile, uzitazame tena. Pete za pande mbili zikifanana, za mviringo, nuru ikiwa imegawanyika vilevile, umepata lenzi nzuri. Pete zikiwa kali upande mmoja na ukungu upande wa pili, umbo la lenzi limekosewa. Yai linalogeuka, kama alivyoeleza anga_safi, ni astigmatizimu. Hapo zungusha lenzi ya jicho kwanza, kisha geuza kichwa chako. Yai likikufuata, kosa ni la jicho lako. Umbo la pembetatu maana yake lenzi imebanwa mno kwenye fremu yake, na hilo fundi anaweza kulilegeza. Pete zote zikielemea upande mmoja, lenzi imekaa kombo.

Kwenye akromati, weka kichujio cha kijani kabla ya kuhukumu. Bila hicho rangi za pete zitakuchanganya, upande mmoja zikielekea kijani, upande wa pili zambarau, na hiyo ni hali yake ya kawaida.

Usihukumu kwa usiku mmoja ambao nyota zinachemka. Hewa ikitikisika kwa sekunde za tao mbili, lenzi ya 0.97 na ya 1.45 zote zinafungwa na hewa.

nuru_kidogo

Hapo kwenye hewa kuna jambo watu husahau. Hata hewa ikiwa mbaya, kipenyo kinaacha faida nyingine: mwanga wa taswira kwa ukuzaji mmoja. Kwa mara 150, duara la nuru linaloingia jichoni ni mm 0.53 kwa B na mm 0.8 kwa A. Chini ya mm 0.6 hivi mimi huanza kuona vumbi na nyuzi zinazoelea ndani ya jicho langu, na sayari inafifia. Kwa A nakuwa bado na nafasi.

stendi_imara

Wakuu, mbona hamjagusa miguu? Lenzi ya mm 120 yenye fokasi ya mita moja ni bomba refu. Kila unaposhika fokasi linatikisika, na upepo mdogo unalipeperusha. B ni fupi na nyepesi, stendi ya kawaida inaibeba. Kama A inakuja na stendi dhaifu, nusu ya kipenyo chako kitapotelea kwenye mtikisiko. Weka stendi kwenye hesabu kabla hujasema gharama zinalingana.

Tena B inaona eneo pana. Kwa lenzi ya jicho ya kawaida ya inchi 1.25 unapata hadi digrii 2.6, Kilimia nzima inaingia na nafasi inabaki. A inaishia 1.5, itakukata.

kilimia_saba

Mkuu hilo la Kilimia limeniuma, mnaona na jina langu. Lakini Kilimia ninayo kwenye 10x50, na huko ni nzuri mno. Stendi nimelielewa, nitauliza.

Mzee wa Zohali

Jambo la mwisho kutoka kwangu. Kata duara la kadibodi, toboa katikati tundu la mm 80, funika mdomo wa A. Umepata mm 80 ya f/12.5, na kwa kipimo cha lenzi_ndefu inakuwa karibu 4. Rangi karibu yote inakwenda. Ukiitoa kadibodi, mm 120 zimerudi. B haina njia ya kuwa 120.

kilimia_saba

Wakuu, nimerudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Nilipata bahati ya kuwekewa zote mbili pamoja, usiku mmoja, nyota zimetulia.

Nilianza na kipimo cha nyota. B: pete nzuri pande zote mbili. A, kwa kichujio cha kijani: upande wa ndani pete kali kidogo kuliko wa nje, lakini mviringo safi, hakuna yai wala pembetatu. Mzee, nilizirudia mara nne.

Mwezi. Kwenye B ukingo ulikuwa mweupe na weusi wa vivuli ulikuwa mzito. Kwenye A ukingo ulikuwa na uzi wa njano kwa ndani na zambarau kwa nje, na vivuli vya kreta vilikuwa na rangi kwa mbali. Kwa uzuri wa Mwezi, B ilishinda, sina ubishi. Lakini nilipohesabu vikreta vidogo kwenye sakafu ya kreta ya Plato, kwenye A niliona vitatu, kwenye B nilikuwa na uhakika wa kimoja tu.

Mshtarii. B ilionyesha mikanda miwili mikuu na rangi ya kweli ya sayari. A ilikuwa na ukungu wa zambarau na sayari ikaelekea njano, ila ndani ya ukanda wa kaskazini niliona mafundo na mikwaruzo ambayo kwenye B nilikuwa nakisia. Nilikwenda na kurudi kati ya darubini hizo mbili zaidi ya saa nzima.

Kisha Jabari (Orion). Kwenye moyo wa nebula, lile wingu la gesi, zile nyota nne za Trapeza zilikuwa wazi kwenye zote. Kwenye A, hewa ilipotulia kwa sekunde chache, ya tano ilijitokeza, ikapotea, ikajitokeza tena. Hapo ndipo nilipoamua.

Nimechukua A na stendi nzito kuliko ile iliyokuja nayo, ambayo imenilazimu kungoja mwezi mwingine kwa lenzi za jicho. picha_ya_usiku, nimekuelewa, siku nikianza picha nitakutafuta.

picha_ya_usiku

Karibu sana. Kwa ulivyoeleza ningechagua hivyohivyo. Ule ukungu wa Mshtarii, jaribu kichujio cha njano hafifu, kinakata zambarau bila kukupunguzia sana.

anga_safi

Hongera. Umenikumbusha jinsi nilivyopaswa kufanya.

Mzee wa Zohali

Hongera mwanangu. Na kadibodi?

kilimia_saba

Ninayo mzee, nimeikata kwa bikari na kuipaka rangi nyeusi. Jana jioni niliiweka kwa ajili ya Zuhura. Bila kadibodi ilikuwa mpira wa zambarau na umbo silioni. Nilipoiweka, hilali ikatokea, nyembamba na kali, pembe zake mbili zinahesabika.